Kununua nyumba nchi usiyoishi: njia nne za kumiliki, na ipi inamfaa nani

Mtu akitaka kununua nyumba ugenini, mara nyingi huanza kwa kuchagua nchi, kisha mji, kisha anaona picha za baraza inayotazama bahari na moyo unatulia hapo. Swali la karatasi huja mwisho, arubuni ikiwa imeshalipwa. Ningekuomba uanze na karatasi. Watu wawili wanaweza kulipa kiasi kilekile kwa nyumba zinazofanana kama mapacha, mmoja akapata mali ya kuwarithisha wajukuu, mwenzake akapata ruhusa ya kukaa miaka 30 basi. Kinachowatofautisha ni aina ya haki iliyoandikwa kwenye hati.

Kwa hiyo silinganishi nchi hapa. Nalinganisha njia nne ambazo mgeni asiye mkaazi hukutana nazo: miliki ya kudumu kwa jina lake mwenyewe, pango la muda mrefu, fleti ndani ya jengo la pamoja, na kumiliki kupitia kampuni au amana ya benki, yaani benki kushika hati kwa niaba yako. Nchi zimo kama mifano tu.

Kwanza, je, mlango uko wazi?

Kuna mahali ambapo ulinganisho wote huu haukusaidii, kwa sababu mgeni haruhusiwi. Canada ilipiga marufuku wageni wengi kununua nyumba za makazi kuanzia 1 Januari 2023, na marufuku hiyo ikaongezwa hadi 1 Januari 2027. Australia imewazuia wageni kununua nyumba zilizokwisha kujengwa kuanzia 1 Aprili 2025 hadi 31 Machi 2027. New Zealand ilifunga mlango kwa walio wengi mwaka 2018. Singapore haikufunga, ila iliweka kizingiti kirefu: tangu Aprili 2023 mgeni anayenunua nyumba ya makazi hulipa ushuru wa ziada wa asilimia 60 ya bei. Sheria hizi hubadilika haraka kuliko matangazo ya madalali, basi soma sheria ya mwaka huu, si ya mwaka ambao rafiki yako alinunua.

Vigezo ninavyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali matano. Unamiliki nini hasa, na kwa muda gani? Inagharimu nini kuingia na kuendelea kukaa nayo? Ukitaka kuuza, nani anaweza kununua na pesa zinatokaje? Ukifa, inakwenda kwa nani na kwa sheria ya nchi ipi? Na wewe uliye mbali, utaiangaliaje? Swali la nne ndilo watu hulikwepa zaidi, na ndilo linaloacha familia kwenye mahakama za lugha wasiyoijua.

1. Miliki ya kudumu kwa jina lako

*Unachomiliki.* Nyumba pamoja na ardhi iliyo chini yake, bila kikomo cha muda. Ufaransa, Uhispania na Ureno humruhusu mgeni kununua karibu sawa na mwenyeji. Marekani pia, ingawa majimbo kadhaa, Florida likiwamo tangu 2023, yamewawekea masharti raia wa nchi fulani. Dubai inamruhusu mgeni miliki kamili chini ya Sheria Na. 7 ya 2006, lakini katika maeneo yaliyotengwa tu. Ukivuka barabara moja huenda umeshatoka nje ya eneo hilo.

Hii ndiyo haki yenye nguvu kuliko zote, na kwa sababu hiyo watu hulegeza macho. Hati safi haithibitishi kwamba jengo lenyewe ni halali. Mwaka 2008, huko Vera katika mkoa wa Almería nchini Uhispania, nyumba ya wastaafu wawili Waingereza ilibomolewa. Walikuwa na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri ya mji, lakini serikali ya jimbo ilikuwa imekipinga kibali hicho. Kwa hiyo vitafutwe vitu viwili tofauti: nani anamiliki, jibu lake liko kwa msajili wa ardhi, na je, kilichojengwa kiliruhusiwa, jibu lake liko kwenye ofisi ya mipango miji. Ofisi moja haijibu kwa niaba ya nyingine.

*Gharama.* Kuna ushuru wa kuhamisha umiliki, ada ya mwanasheria au mthibitishaji, na usajili. Dubai ada ya uhamisho ni asilimia 4. England, asiye mkaazi huongezewa asilimia 2 juu ya ushuru wa kawaida tangu Aprili 2021. Baada ya hapo kuna kodi za kila mwaka, na nyingine hutegemei kuzikuta: Uhispania humtoza asiye mkaazi kodi ya mapato ya kukadiria hata kama nyumba imekaa tupu mwaka mzima. Na hukohuko Uhispania, ikiwa nyumba iko ndani ya jumuiya ya wamiliki, mnunuzi hurithi deni la michango ya mwaka unaoendelea na miaka mitatu iliyotangulia. Muuzaji akuletee barua ya kuonyesha hadaiwi.

*Kuuza.* Soko ni pana, kwa kuwa mwenyeji na mgeni wote wanaweza kununua. Ila usishangae ukipokea pungufu ya bei. Uhispania, mnunuzi huzuia asilimia 3 ya bei na kuipeleka kwa mamlaka ya kodi pale muuzaji asipokuwa mkaazi. Marekani kiwango cha kawaida ni asilimia 15. Hayo ni malipo ya awali, na kilichozidi unarudishiwa ukishawasilisha hesabu, lakini kama ulitegemea pesa hizo kununua nyumba nyingine mwezi uleule, utakwama.

*Ukifa.* Sehemu nyingi ardhi hufuata sheria ya mahali ilipo. Ufaransa huwatengea watoto fungu lisiloguswa na wosia: mtoto mmoja nusu ya mali, wawili theluthi mbili, watatu au zaidi robo tatu. Marekani, mgeni asiye mkaazi husamehewa kodi ya mirathi kwenye dola 60,000 za kwanza tu za mali iliyo nchini humo, na kinachozidi kinaweza kutozwa hadi asilimia 40. Nyumba ya kawaida hupita kiwango hicho kwa mbali.

*Kuiangalia.* Kila kitu ni chako, pamoja na paa linalovuja ukiwa bara jingine. Utahitaji msimamizi wa kulipwa.

*Inamfaa* anayetaka kurithisha, mwenye muda wa kufuatilia kodi za nchi mbili, na aliye tayari kuandika wosia wa pili kwa ajili ya mali hiyo peke yake.

2. Pango la muda mrefu

*Unachomiliki.* Muda. Ardhi inabaki ya serikali au ya mtu mwingine, wewe una haki ya kuitumia kwa miaka iliyoandikwa. Kenya, Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 inampa asiye raia pango lisilozidi miaka 99. Uganda nayo ina kikomo cha miaka 99 kwa wageni. Thailand, pango la nyumba ya makazi lina ukomo wa miaka 30. Indonesia huwawekea raia peke yao miliki kamili ya ardhi, na mgeni mkaazi hupata haki ya kutumia: miaka 30, kisha 20 ya nyongeza, kisha 30 ya kuhuisha.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa tofauti kati ya pango zuri na pango bovu huwa kwenye sentensi moja. Fungua mkataba, tafuta kifungu cha kuongeza muda. Mara nyingi utakuta maneno kama haya: "Muda unaweza kuongezwa kwa miaka mingine 30 kwa makubaliano ya pande zote mbili." Dalali atakusomea "30 na 30, jumla 60." Lakini "kwa makubaliano" maana yake mwenye ardhi, au wanawe watakaokuwa wamerithi, anaweza kukataa au kutaja bei anayoitaka. Ulichonunua ni miaka 30. Hiyo mingine ni matumaini yaliyopigwa chapa. Kifungu kinachokulinda hutaja kwamba nyongeza ni haki ya mpangaji, hutaja bei au namna ya kuikokotoa, na hutaja kinachotokea ardhi ikiuzwa au mwenyewe akifariki. Hata hicho, muulize wakili wa nchi hiyo kama mahakama zao hukitambua.

Kisha gawanya bei kwa miaka. Ukilipa 90,000 kwa pango lililobakiwa na miaka 30, unalipa 3,000 kwa mwaka kabla ya matengenezo na ada. Linganisha na kodi ya kupanga nyumba kama hiyo mtaa huohuo. Mara nyingine hesabu inakubali vizuri sana. Mara nyingine unagundua ungepanga kwa nusu ya hapo bila kufunga pesa zako.

*Gharama.* Kuingia huwa nafuu kuliko miliki ya kudumu. Angalia malipo ya kila mwaka kwa mwenye ardhi na jinsi yanavyopanda. Malipo yanayoongezeka maradufu kila baada ya miaka kadhaa yanaweza kuifanya nyumba isiuzike.

*Kuuza.* Unauza miaka iliyobaki, na kila mwaka unaopita unakula bei. Benki nyingi hazikopeshi kwa pango fupi, hivyo wanunuzi wako watakuwa wenye fedha taslimu. Angalia pia kama unahitaji ridhaa ya mwenye ardhi kabla ya kuuza.

*Ukifa.* Usidhani pango hurithiwa popote. Thailand, kwa mfano, pango huchukuliwa kuwa haki ya mtu binafsi na kwa kawaida huisha mpangaji akifa, isipokuwa mkataba umeandikwa kwa namna ya kuwalinda warithi. Uliza kabla ya kusaini.

*Hatari kubwa* ni kupangishwa na mtu asiye na haki ya kukupangisha. Punta Banda, karibu na Ensenada huko Mexico, Wamarekani wengi walijenga nyumba za ufukweni juu ya ardhi waliyoipanga. Mahakama ya Juu ya nchi ikaamua ardhi ile ilikuwa ya wamiliki wengine, na mwaka 2000 wakatolewa. Mikataba yao haikuwasaidia, kwa sababu aliyewapa hakuwa na cha kutoa. Pango lako lisajiliwe kwa msajili wa ardhi, kwa jina lako. Lililobaki kwenye droo ya wakili halikukingi dhidi ya mtu wa tatu.

*Linamfaa* mwenye umri na mpango unaojulikana: anayetaka miaka 20 ya kustaafu mahali penye jua na hana haja ya kuacha nyumba hiyo kwa mtu.

3. Fleti katika jengo la pamoja

*Unachomiliki.* Sehemu yako ya ndani, na hisa katika ngazi, lifti, paa na ardhi. Nchi nyingi zinazomnyima mgeni ardhi humwachia dirisha hili. Thailand, wageni kwa pamoja wanaweza kumiliki hadi asilimia 49 ya eneo la fleti zote za jengo. Ufilipino, ambako Katiba ya 1987 inawazuia wageni kumiliki ardhi, kikomo ni asilimia 40. Kabla ya kutoa arubuni, pata barua ya uongozi wa jengo inayoonyesha nafasi ya wageni iliyobaki. Jengo likijaa, dalali atakupendekezea "pango la miaka 30 la fleti ileile", na hapo umerudi kwenye njia ya pili kwa bei ya njia ya tatu.

*Gharama.* Ada ya huduma ya kila mwezi, na mfuko wa akiba wa matengenezo makubwa. Omba mihtasari ya mikutano mitatu ya mwisho ya wamiliki. Utajifunza humo kuliko kwenye ziara ya nyumba: lifti iliyoahirishwa kutengenezwa miaka miwili, wamiliki wasiolipa, mchango maalumu unaokuja. Mfuko mtupu kwenye jengo la miaka 20 maana yake gharama inakusubiri wewe.

*Kuuza.* Fleti iliyo kwenye nafasi ya wageni unaweza kumuuzia mgeni au mwenyeji, na hiyo ni faida. Lakini tunza karatasi za pesa zilivyoingia. Thailand, ofisi ya ardhi hutaka uthibitisho wa benki kwamba fedha zilitoka nje kwa sarafu ya kigeni, na karatasi hiyohiyo hukusaidia siku ya kuzitoa tena. Nimeona watu wakihangaika na jambo hili miaka kumi baadaye, benki imeunganishwa na nyingine na nakala hazipatikani. Skani siku hiyohiyo, weka mahali pawili.

*Ukifa.* Hurithiwa, ila mrithi mgeni naye lazima akidhi masharti ya kumiliki. Asipokidhi, hulazimika kuuza ndani ya muda uliowekwa.

*Kuiangalia.* Hii ndiyo nyepesi zaidi kwa aliye mbali. Kuna mlinzi, kuna ofisi, mabomba ya pamoja si kazi yako. Kama ulitaka kuipangisha kwa wasafiri wa siku chache, soma kanuni za jengo na sheria ya mji kwanza, kwani sehemu nyingi hukataza.

Ukinunua jengo likiwa bado kwenye ramani, uliza pesa zinakwenda wapi. Dubai, Sheria Na. 8 ya 2007 inamtaka mjenzi aweke fedha za wanunuzi kwenye akaunti ya amana ya mradi huo. Mahali pasipo na ulinzi wa aina hiyo, unamkopesha mjenzi bila dhamana.

*Inamfaa* anayenunua kwa mara ya kwanza ugenini, au atakayefika wiki chache kwa mwaka.

4. Kampuni au amana ya benki

*Unachomiliki.* Hisa, au haki za mnufaika. Mali yenyewe ina jina la chombo. Mfano ulio halali kabisa ni Mexico. Katiba inamzuia mgeni kumiliki moja kwa moja ndani ya kilomita 100 kutoka mpakani na kilomita 50 kutoka pwani, basi benki hushika hati kwa amana ya miaka 50 inayoweza kuhuishwa, nawe mnufaika unaishi, unapangisha, unauza.

Tofauti kubwa ipo na kile kinachoitwa kampuni lakini ni jina la kuazima: mwenyeji anaandikwa mwenye hisa nyingi ilhali hakuweka senti. Thailand ni kosa la jinai. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 huihesabu kampuni yenye wanahisa wengi wa kigeni kuwa si raia. Kenya, kampuni ni raia pale tu inapomilikiwa na raia kwa ukamilifu. Na fikiria ukweli wa kibinadamu: huyo mwenye jina akigombana nawe, akifa, au akifilisika, utakwenda mahakamani kudai nini, wakati mkataba wenu wenyewe ulikuwa wa kukwepa sheria? Mimi siipendekezi kwa mtu yeyote, hata aliyeoa au kuolewa huko.

*Gharama.* Hesabu za kila mwaka, mkaguzi, ada ya benki, uwazi wa majina. Uingereza, tangu Agosti 2022 kampuni za nje zenye mali lazima zisajili wamiliki wake halisi. Kwa nyumba moja ndogo, ada hizi hula faida yote.

*Kuuza na kurithisha.* Hapa njia hii hung'aa. Katika amana ya Mexico unaandika mnufaika wa akiba ndani ya hati yenyewe, na ukifa haki hupita kwake bila kesi ndefu ya mirathi. Hisa nazo huhamishika, ingawa mnunuzi makini ataogopa madeni yaliyofichika kwenye kampuni.

*Kuiangalia.* Nyumba ni ileile. Kinachoongezeka ni makaratasi.

*Inamfaa* mwenye mali zaidi ya moja, wanunuzi wanaochangia pamoja, au anayenunua mahali ambapo sheria yenyewe imeelekeza hivyo.

Kabla ya kutuma pesa, njia yoyote ile

Wakili awe wako, asiwe aliyeletwa na muuzaji au dalali. Upekuzi wa hati ufanywe na wakili huyo, na urudiwe siku chache kabla ya kulipa. Halafu kuna wizi unaowapata hata waangalifu: barua pepe inaingia siku ya malipo, inaonekana imetoka kwa wakili, inasema "akaunti yetu imebadilika." Usijibu barua hiyo. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, umsikie mtu unayemjua akikusomea tarakimu.

Na usichanganye hati ya nyumba na kibali cha kuishi. Ureno iliondoa ununuzi wa nyumba kwenye viza yake ya uwekezaji Oktoba 2023, Uhispania ikafuta viza hiyo Aprili 2025. Uturuki bado hutoa uraia kwa mali ya kuanzia dola 400,000, usiyoiuza kwa miaka mitatu, lakini kiwango hicho kilikuwa 250,000 hadi katikati ya 2022. Kama kibali ndicho unachokitafuta, jiulize kama ungeipenda nyumba hiyo kibali kikiondolewa.

Ukiwa katika hali hii

Unataka kuwaachia watoto: miliki ya kudumu, au amana inayotaja warithi. Kaa na wakili wa mirathi kabla ya kuchagua jina litakalokuwa kwenye hati, kwani kubadilisha baadaye ni sawa na kununua upya.

Unataka miaka ya kustaafu, na watoto wana maisha yao kwingine: pango la muda mrefu lililosajiliwa, lenye kifungu cha nyongeza kilicho haki yako. Hesabu umri wako pamoja na miaka ya pango. Kama jumla inafika 95, umepata. Kama inafika 78, tafuta refu zaidi.

Unataka kipato cha kupangisha na huwezi kufika mara kwa mara: fleti, kwenye jengo lenye mfuko wa akiba unaoonekana kwenye hesabu. Kumbuka wapangaji watalipa kwa sarafu ya huko, na thamani yake kwako itapanda na kushuka.

Mnanunua ndugu watatu kwa kuchangishana: chombo cha kisheria, au kama ni kwa majina yenu, mkataba wa maandishi wa nani atamnunua nani mmoja akitaka kutoka. Uandikwe mkiwa bado mnapendana.

Na kama mahali penyewe umewahi kupaona kwa wiki mbili za likizo tu, kwanza panga nyumba kwa miezi sita, majira ya mvua au ya baridi yakiwamo. Kodi ya kupanga miezi hiyo sita mara nyingi huwa ndogo kuliko ushuru wa kuhamisha umiliki peke yake, na utakuwa umekutana na majirani, maji yanavyokatika, na wakili anayepokea simu.